Reaper na dramu nzito za shugezi: miezi minane chumbani kwangu Mtwara

Wakuu salama? Naanza na tatizo, maana bila tatizo hii Reaper, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki kwenye kompyuta, utaiona ya kawaida tu.

Mimi na washkaji wawili tunapiga shugezi, ule muziki wa magitaa yenye fuzi (mlio wa kukwaruza unaotoka kwenye pedali) na mwangwi mpaka muimbaji anazama humo ndani, jina lenyewe limekuja kwa sababu wapigaji walikuwa wanainamia pedali zao jukwaani kama wanatazama viatu. Mtwara hapa nadhani tuko hao hao watatu. Dramu tunaazima za kwaya, tunabeba na bajaji mbili mpaka Chikongola kwangu, tunafunga madirisha, magunia matupu ya korosho tunayatundika ukutani tabaka tatu tatu, godoro mlangoni, feni inazimwa, na dogo wetu wa dramu anapiga kama ana kesi na mtu. Ukiwa mle ndani kifua kinatikisika. Sasa sikiliza kilichorekodiwa, aisee, kama mtu anagonga ndoo nyumba ya tatu. (Na magunia msiyaamini sana, yanapunguza zile sauti kali za juu tu, besi inapita kama hayapo.)

Mwanzo nilikuwa natumia programu nyingine niliyopewa kwenye flashi, sitaitaja, ilikuwa inaganda kila nikiweka plagini (kijiprogramu cha kuongezea cha kubadili sauti) ya nne. Nikashusha Reaper. Faili lake dogo, bando la siku linatosha, na laptopu yangu ya RAM GB 4 haikulalamika. Imetengenezwa na kampuni ya Justin Frankel, yule yule wa Winamp tuliyokuwa tunasikilizia miziki intaneti kafe, nilivyojua hivyo nikaiamini nusu hata kabla sijaifungua. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa, zikiisha bado inafunguka ila inakuwekea kidirisha cha kukukumbusha kulipa na unasubiri sekunde kadhaa. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Turudi kwenye dramu. Kifaa changu cha kurekodia kina matundu mawili tu ya maiki. Kwahiyo moja naweka kwenye kiki (ile dramu kubwa ya chini inayopigwa kwa mguu), nyingine inasimama mbali kama mita 2 usawa wa kifua inachukua vyote. Mwezi wa kwanza wote nilikuwa napandisha dramu magitaa yanazama, napandisha magitaa dramu zinapotea, usiku kucha napanda nashuka kama ndoo ya kisimani. Kumbe dramu hazikuwa ndogo, magitaa ndo yalikuwa yamezikalia.

Nilichofanya, magitaa yote nikayakusanya trak moja, nikafungua ReaEQ, ya kupandisha na kushusha sauti za juu na za chini, inayokuja na programu, nikakata kila kitu chini ya hezi 110 kwasababu huko gitaa la fuzi linaleta vumbi tu wakati kiki inataka kukaa, halafu nikashusha kidogo pale kwenye 200 ambako ndo kuna mwili wa sneya (dramu ndogo ya mlio mkali) na tena kwenye kilohezi 3 ambako fimbo inagusa ngozi. Desibeli 3 tu kila sehemu. Ukisikiliza magitaa peke yake unasema nimeyaharibu, ukiwasha vyote unashangaa sneya imetokea wapi.

Cha pili ndo kimenifanya niandike yote haya. Ile maiki ya mbali nimeituma kwenye trak ya pili, unavuta tu kitufe cha njia za sauti kutoka trak moja unakidondosha kwenye nyingine imeisha hiyo, huko nikaweka ReaComp, inayominya sauti kubwa ili zile ndogo zipande, na kuiminya bila huruma, reshio (kiasi cha kuminya) 10 kwa 1, ataki (muda wa kuanza kuminya) milisekunde 3, rilisi (muda wa kuachia) kama 80. Peke yake inatisha, matoazi yanahema kama mtu mwenye pumu. Ila ukiichanganya chini chini na ile ambayo haijaminywa dramu zinanenepa bila kupoteza ule mgongo wa fimbo. Makosa yangu mwanzo ilikuwa naiminya ile ile ya asili, napata unene napoteza pigo. Na mita 2 ni kama milisekunde 6 za kuchelewa kwahiyo nilijaribu kuisogeza mbele ilingane na maiki ya kiki, nyimbo zingine inasaidia zingine inaondoa ukubwa wa chumba, sikilizeni wenyewe.

Kiki bado ilikuwa nyembamba. Mzee jirani ana ngoma kubwa ya sindimba, nikaomba anigongee mara kumi. ReaGate ni kama geti linalofunguka sauti ikiwa kubwa ya kutosha, na ina sehemu ya kutuma midi (ishara ya kuamuru mlio upigwe) kila geti likifunguka, midi ile inaenda kwenye ReaSamplOmatic5000 (jina hilo jamani), ya kupigia milio iliyorekodiwa, yenye mlio wa ngoma ya mzee, kwahiyo kila dogo akikanyaga pedali kuna Mmakonde anaitikia chini yake. Kuna mtu ataniambia huo ni udanganyifu. My Bloody Valentine, bendi kubwa ya shugezi, kwenye albamu yao ya 1991 dramu nyingi ni sampuli (vipande vilivyorekodiwa) za mpigaji wao zilizopangwa upya kwasababu jamaa alikuwa anaumwa, basi na mimi niacheni.

Sasa mwangwi. Hapa Reaper imeniangusha, ReaVerbate inasikika kama bati. Ila kuna nyingine, ReaVerb, hiyo unailisha rekodi ya mlio mfupi uliopigwa mahali penyewe, inaiga mwangwi wa pale. Msimu wa korosho ukiisha maghala yanabaki matupu, nikaenda kwa babu mmoja mlinzi nikamwambia nataka kurekodi sauti humo ndani, akakubali, ila sikumwambia ni sauti gani. Nikapasua puto. Babu alikuja na rungu.

"Mjukuu wangu, unataka nikose kazi uzeeni?"

"Shikamoo babu, ni puto tu."

"Marahaba. Kapasulie kwenu."

Nilikuwa nimeshapata la kwanza, likatosha. Nikakata kimya cha mwanzo, nikaliweka kwenye ReaVerb, chini ya hezi 300 nikafuta ili besi isirundikane, sneya ikaenda kulala ghalani. Hakuna plagini ya kununua ingenipa hiyo.

Mabaya mengine: sura yake mbaya, menyu zina menyu ndani yake, na haiji na milio ya dramu hata mmoja, ukitegemea hivyo utakaa na programu tupu. Mwongozo wake ni bure, una kurasa zaidi ya 400, za Kiingereza zote, mimi nimesoma labda 30.

Mwezi uliopita nimelipia, kama laki na nusu na ushee. Kile kidirisha cha kusubiri kimeondoka, na zile sekunde ndo nilikuwa nanyanyuka kuzima feni, kwahiyo rekodi mbili za wiki hii zina feni kutoka mwanzo mpaka mwisho na ReaComp imeipandisha vizuri kabisa.