Labo ya meno Lubumbashi: artikulateri ipi ununue kwanza?

Jibu kwanza, maelezo baadaye: kama labo yako bado changa na kazi nyingi ni meno ya kuvaa na koroni (kofia za kufunika jino) za hapa na pale, nunua artikulateri ya vipimo vya wastani. Hiyo ndiyo naiweka nafasi ya kwanza.

Kazi ya artikulateri ni kushika modeli ya plasta ya juu na ya chini na kuzikutanisha kama mataya ya mgonjwa. Ile ya wastani imejengwa juu ya pembetatu ya Bonwill, daktari wa meno wa Marekani wa karne ya 19. Yeye aliona kwamba kutoka kiungio kimoja cha taya hadi kingine, na kutoka kila kimoja hadi katikati ya meno ya mbele ya chini, ni kama sentimita 10. Njia ya kiungio, yaani mteremko ambao kiungio hufuata taya likisogea, mara nyingi imefungwa kwenye nyuzi 30 hivi. Kwa hiyo modeli zinafunguka, zinasogea mbele na kwenda kando. Meno kamili ya kuvaa yanadai hivyo: yakigusana upande mmoja tu wakati mgonjwa anasaga karanga, upande wa pili unanyanyuka.

Ya pili ni ile inayorekebishika nusu: Bio-Art ya Brazili, Artex ya Austria, Whip Mix ya Marekani. Ni mashine nzuri, sibishi. Lakini zinahitaji upinde wa uso, kifaa kinachopima taya la juu limekaa wapi ukilinganisha na viungio karibu na masikio. Waulize madaktari wanaokuletea kazi: wanao? Wanaleta nta iliyong'atwa na mgonjwa akiwa amesogeza taya mbele na kando? Kama hapana, utaiweka nyuzi 30, utakaza skrubu, na hapo umenunua ya wastani kwa bei ya juu. Kama ndiyo, na mnatengeneza bridji ndefu (meno bandia yanayoshikiliwa na meno ya kando ya pengo), basi ipande nafasi ya kwanza.

Okluzeri, ile ya bawaba tu, ni ya tatu. Inafaa kwa koroni moja ambayo meno jirani yanashikilia vizuri. Bawaba yake iko karibu mno na meno, kwa hiyo taya linafunga kwa duara dogo kuliko la mgonjwa. Nta ikiwa nene, koroni inatoka ndefu na daktari anaisaga kitini huku akikulaumu wewe.

Zinazorekebishika kabisa waachieni vyuo vikuu.

Dukani, funga kufuli ya katikati, ile inayozuia mkono wa juu usisogee, shika mkono wa juu, utikise kulia na kushoto. Ikicheza hata kidogo, irudishe. Hakuna skrubu itakayoiponya. Tazama pini ya mbele, inayoshika umbali kati ya mkono wa juu na wa chini, inasimama kwenye sifuri bila kuteleza. Halafu sahani za kubandikia modeli: za chapa moja mara nyingi haziingii kwenye nyingine, na kungoja mzigo upite mpaka wa Kasumbalesa si mchezo. Agiza sahani za ziada pamoja na mashine, na plasta ya kubandikia isiyotanuka sana. Plasta ya fundi wa dari hutanuka ikiganda, inasogeza modeli, na kipimo chote kinaharibika hata juu ya mashine ghali.