Programu ya Simu ya Kupima Umakini: Inapima Vizuri, Inasoma Vibaya

Kwa wiki tatu za zamu za usiku wodini nimekuwa nikitumia programu ya simu inayopima umakini kwa muda wa mwitikio. Imejengwa juu ya kipimo cha PVT (Psychomotor Vigilance Task, yaani jaribio la umakini na kasi ya mwitikio), ambacho watafiti David Dinges na John Powell walikieleza mwaka 1985. Kipimo chenyewe hakina maringo: skrini hukaa tupu, kisha baada ya muda wowote kati ya sekunde 2 na 10 namba huanza kukimbia, nawe unaigusa mara uionapo, ukiiwahi kabla haijatokea, ni kosa. Mchezo ndio huohuo kwa dakika 10, na kuchosha kwake ndiko kunakoupa nguvu, kwa kuwa mwenye usingizi aweza kujikaza dakika mbili za mwanzo, lakini si rahisi azimalize zote bila kupitiwa.

Kupitiwa huko ndiko kunakotafutwa hasa. Aliyelala vizuri huitikia kwa takriban robo sekunde, na kila mwitikio unaofika milisekunde 500, yaani nusu sekunde, huhesabiwa kuwa mtu amepitiwa. Nilipotoka kulala usiku mzima sikupitiwa hata mara moja. Saa 11 alfajiri ya zamu ya nne mfululizo nilipitiwa mara 9, na ungeniuliza ningeapa kuwa niko macho kabisa. Sikushangaa sana, maana utafiti wa Hans Van Dongen na wenzake wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliolala saa 6 tu kila usiku kwa siku 14 walizorota kama watu waliokesha, ilhali wenyewe hawakujihisi hivyo.

Lawama yangu ni kwa waliotengeneza programu hii. Wastani wa muda wa mwitikio wameuandika kwa tarakimu kubwa, na idadi ya kupitiwa wameificha kurasa mbili ndani. Alfajiri ile wastani wangu ulipanda kutoka milisekunde 268 hadi 305 tu, nikapewa alama ya kijani! Isitoshe, kipo kipimo kifupi cha dakika 3, ambacho watafiti walikiwekea kikomo cha kupitiwa cha milisekunde 355 kwa sababu muda mfupi haumchoshi mtu vya kutosha, lakini programu imebaki na 500 ileile, hivyo karibu kila mtu huonekana mzima. Kipimo kifupi nimeachana nacho.

Tena, usilinganishe matokeo ya simu mbili. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 17 hivi, na kila simu ina uzito wake wa kuupokea mguso. Simu yangu ya zamani ilinicheleweshea kama milisekunde 40.

Pamoja na hayo sijaifuta. Ninapomaliza zamu najipima kabla ya kuwasha pikipiki, na nikipitiwa zaidi ya mara 3, ufunguo naurudisha mfukoni, nalala kwanza saa moja katika chumba cha wauguzi.