Mkandaji wa arubaini kutoka Likoni: maoni yangu baada ya siku 40 na zilizofuata

Mumeniuliza sana kuhusu yule mama anayekuja nyumbani kukanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, nimeona niandike mara moja kwa urefu maana kila nikijibu kwa kifupi kuna jambo nabakisha. Jina lake silitaji hapa, mwenyewe hapendi, ila anatoka Likoni na kazi hii aliirithi kwa mamake.

Mimi nakaa Mtopanga, hapa Mombasa. Mtoto wa pili nlijifungua kwa oparesheni, na mkubwa alikuwa hata miaka mitatu hajatimiza. Uzazi wa kwanza nlienda kwa mamangu Lamu nikamaliza arubaini yote huko, nakandwa, napikiwa, mtoto akilia naletewa anyonye kisha anachukuliwa, yaani mimi kazi yangu kula na kulala. Safari hii mamangu anamuuguza nyanya, hawezi kutoka. Mavyaa alikuja siku nne akarudi Kwale kwenye shamba lake. Na mume wangu ni kibarua wa gati. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo na mshahara wake, lakini hizo ni za aliyeandikwa kazi, yeye siku asipotokea ndo siku hiyo hakuna kitu. Mtoto ana siku tano baba yake ashapanda matatu saa kumi na moja alfajiri, mi nimebaki na kidonda na mchanga wa siku tano na mwengine amesimama mlangoni anataka uji.

Jirani ndo akanipa namba ya huyu mama. Tukapatana shilingi 1,000 kwa siku, aje saa mbili asubuhi aondoke saa nane mchana, siku 20 katika zile 40, yaani leo anakuja kesho hakuji. Elfu 20 ni pesa nyingi kwetu, sitawaambia ni rahisi. Dada zangu walichanga, na zilizobaki tukatoa zile za kununulia kitanda cha mtoto. Sijajuta hata siku moja.

Akifika ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anavua leso aliyosafiri nayo anajifunga nyengine safi ndo amguse mtoto, na hilo sikumwambia mimi. Anakanda miguu, mgongo, mabega na shingo kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Tumbo hakugusa. Nlimwambia anifunge mkaja kama nlivyofungwa Lamu, akakataa, akasema, "Tumbo lililopasuliwa mwanangu si langu mpaka daktari aseme." Hapo ndo nlipoanza kumuamini, maana nimesikia wakandaji wanaokanda tu, kidonda kibichi na kitambaa cha moto juu yake. Kwa hivyo kama umezaa kwa oparesheni, muulize mkandaji wako hilo kwanza kabla hata ya kuuliza bei.

Kisha anapika. Uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, na chakula cha mkubwa anapika pia na kumlisha mwenyewe, ambayo kusema kweli haikuwa kwenye makubaliano. Halafu anachukua watoto wote wawili anatoka nao barazani na ananifungia mlango wa chumba. Ananiambia lala. Siku ya kwanza nlilala masaa matatu, nikaamka kifua kimejaa, nguo imelowa maziwa, nikatoka mbio nikijua mtoto amepatwa na jambo. Nkamkuta amelala kwenye mapaja yake, na mkubwa anapanga vifuniko vya soda kwenye sakafu. Nikalia pale pale mlangoni. Hakuniambia nyamaza, hakuniuliza nalilia nini, alisogea tu nikapata pa kukaa.

Nlidhani nalipia kukandwa. Lakini ukiniuliza leo nini hasa kilichofaa nitakwambia ni yale masaa ya usingizi, kukandwa kunafuata baadaye.

Kasoro zake nazo niziseme. Saa mbili yake mara nyengine ni saa tatu na nusu kwa sababu ya feri, feri moja ikiwa na shida wewe huku Mtopanga utangoja na njaa yako, kwa hivyo siku zake weka hata chai na boflo karibu. Na mtoto alipokuwa na kwikwi alitaka kumpa maji ya sukari kidogo kwenye kijiko. Nkamwambia kliniki wamesema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, akabishana kidogo, akakubali. Mwambieni mapema mambo hayo, siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kilio cha siku za mwanzo nlikijua, hata uzazi wa kwanza nlilia, unalia bila sababu maziwa yakishuka, na watu wa hospitali wanasema kikawaida hali hiyo inaisha ndani ya wiki mbili. Yangu haikuisha. Mtoto analala usiku mi sipati usingizi, namhesabia pumzi. Chakula hakina ladha. Mkubwa akiniita mama, neno hilo tu mama, nasikia hasira inapanda mpaka naingia chooni najifungia nisije nikamfanya jambo. Na kuna wazo likaanza kuja taratibu, kwamba hawa watoto wangepata mama mwengine wangekuwa salama zaidi kuliko na mimi. Likija mara ya kwanza linakuogopesha, lakini likija mara ya ishirini unalizoea, na kulizoea huko ndo hatari.

Nlipoenda kuangaliwa kidonda wiki ya pili, mahali sitapataja, nlijaribu kumwambia nesi kuwa silali. Akanijibu kwani nani mwenye mtoto mchanga analala. Akampima mtoto, kilo zimeongezeka, kadi ya mtoto ikaandikwa vizuri, mimi sikuandikwa popote, nikarudi nyumbani nikiwa nimejifunza kutosema. Mavyaa kwa simu akasema ni jicho la watu, nikasomewa. Kusomewa kulinituliza moyo na simkatazi mtu, dua haigombani na dawa. Ila usingizi haukurudi.

Mkandaji aligundua siku ya 37. Alikuwa ananikanda miguu, maji yalikuwa ya moto kupita siku zote maana aliyasahau jikoni, na mimi nimetulia tu. Akaacha kitambaa. "Maji haya yameniunguza mimi mkono. Mbona wewe husemi?" Nkamwambia sikusikia. Akanitazama kwa muda halafu akaniuliza wazi bila kuzunguka, "Unawaza kufa?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza vile. Nkasema ndio. Hakushtuka, hakusema astaghfirullah, alinifuta miguu vizuri akanivisha soksi akasema hii si ya mafuta, hii ina wenyewe, kesho tunakwenda. Na kesho yake haikuwa siku yake, sikumlipa. Alikuja akampeleka mkubwa kwa jirani, akambeba mdogo, tukapanda tuktuk mpaka kliniki moja upande wa Tudor ambayo ashawahi kupeleka wazazi wengine.

Pale nilisomewa karatasi ya maswali 10 kwa Kiswahili. Wanaiita Edinburgh, imetumika tangu 1987, kila swali lina majibu manne yanayopewa alama 0 mpaka 3 na wanakuuliza vile ulivyojisikia siku saba zilizopita, sio maisha yako yote. Je umeweza kucheka, je umejilaumu bila sababu, je unashindwa kulala kwa huzuni. La mwisho ndo la kujidhuru. Nlipofika hapo nikanyamaza. Nliogopa kunyang'anywa watoto, nliogopa kuambiwa Port Reitz, kule wanakotibiwa wagonjwa wa akili, na jina linibakie mtaani, na nliogopa polisi pia, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchi hii mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, na mimi habari hiyo hata sikuwa nayo. Kaunsela ndo aliyenieleza. Akasema hata zamani kuwaza tu hakukuwa kosa, na anauliza ili ajue aanze wapi. Nikajibu.

Nlipata 19 kati ya 30. Wengi wanaoitumia karatasi hiyo, ukifika 13 wanakaa na wewe kwa makini. Akanieleza kuwa karatasi haitoi jina la ugonjwa, inafungua mazungumzo tu, na akanitofautishia vitu ambavyo mtaani tunavichanganya. Hii yangu ni dipresheni ya baada ya kujifungua, na Shirika la Afya Duniani linasema nchi kama zetu matatizo ya akili, hasa dipresheni, yanawapata karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua. Kichaa cha uzazi ni kengine kabisa, hakitokei sana, ni kama mmoja au wawili katika wazazi 1,000, na kinakuja ghafla siku au wiki za mwanzo, mtu halali kabisa, anasikia sauti, anaona visivyokuwepo. Hicho hakingojwi mpaka kesho, ni hospitali saa ile ile na mama haachwi peke yake na mtoto. Wakanipima na damu, ikawa chini, wakanipa vidonge vya madini ya chuma, maana upungufu wa damu na hata tezi ya shingo vinaweza kukufanya ujisikie hivyo hivyo. Kuhusu dawa za dipresheni alinambia zipo ambazo daktari anaweza kukupa na bado ukanyonyesha, ila tuanze na mazungumzo kila wiki tuone. Mimi nlianza na hayo, mwengine ataanza na dawa, si aibu.

Nyota ngapi basi? Tano, na narudia tano, lakini kuna kitu nataka mkifanye tofauti na nlivyofanya mimi.

Siku 40 zote tulizipanga mwanzoni, zikaisha, na arubaini ilipotoka kila mtu akaona nimepona. Sahani za jirani zikakoma. Dada zangu wakapunguza simu. Mkandaji naye akafika mwisho wa siku zake, na hapo ndo mimi nlikuwa nimetoka kliniki mara moja tu. Mwezi wa pili na wa tatu vilikuwa vigumu kuliko wa kwanza, kidonda kimekauka kwa hivyo huna cha kumwonyesha mtu. Sijui nani aliyepanga kwamba mzazi anamaliza kuhitaji watu siku ya 40, labda zamani nyumba ilikuwa imejaa shangazi na mawifi hata baada ya hapo, sasa tunakaa vyumba viwili vya kupanga na mlango umefungwa.

Nlirudi kwake nkamuomba siku zaidi, akakubali, akawa anakuja Jumatano tu kwa wiki kumi na pesa hiyo nkamlipa pole pole. Jumatano hizo naenda kwa kaunsela asubuhi, nikirudi nalala. Kufika wiki ya saba nkamsikia mkubwa anacheka barazani, na mimi nikacheka ndani peke yangu, sijui hata walikuwa wanacheka nini.

Kama pesa yako inatosha siku 20, usizimalize zote ndani ya arubaini. Chukua 12 za mwanzo, nane ziweke za baadaye. Kama haitoshi hata siku moja, mtafute mtu wa kushika mtoto masaa mawili ulale, usimwombe aje kukutazama, mwombe ashike mtoto. Na akina baba mnaosoma, mkewe mtu akisema silali, msimjibu kama yule nesi. Usiku ukizidiwa na huna pa kwenda, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu inapigwa bure na kuna mtu wa kuzungumza nawe.

Anayemtaka huyu mama aniandikie faragha, nitamuuliza yeye kwanza kama ana nafasi. Wifi yangu anajifungua mwezi ujao pale Kongowea, tushamlipa siku kumi, tano za mwanzo na tano za baada ya arubaini, na amesema atakwenda kumwona kabla hajazaa wajuane.