Rafu ya vitabu vya zamani: asumini au maua ya plastiki?

Maua ya asumini huchanua jioni na kunukisha chumba usiku kucha. Kesho yake yamesinyaa, ndiyo gharama yake. Yapange kwenye kisahani kikavu juu ya vitabu vilivyolazwa, si kwenye glasi ya maji: Mombasa au Unguja hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha kuotesha ukungu kwenye karatasi kuukuu, na glasi ikipinduka kurasa huvimba.

Ya plastiki hayataki maji, hapo yanashinda. Ila hushika vumbi, na yakikaa dirishani jua huyapausha pamoja na majalada. Kwa nyumba ya kupanga isiyo na mtu wiki nzima, sawa. Chumba cha kulala mimi nakitilia asumini.