Fundi alisema "jioni", IST yangu ikalala gereji siku 10

Gari lilianza kuchemsha kwenye foleni ya Ubungo. Kesho yake nikachomoa kijiti cha oili, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia humo. Nikalivuta hadi gereji moja ya Tabata niliyoelekezwa na jirani. Fundi akalitazama kidogo tu: "Gasketi ya hedi hiyo dada. Niachie asubuhi hii, jioni unaondoka nalo." Ilikuwa Jumatatu.

Jioni nimefika, hedi, yaani kichwa cha injini, iko chini, nati zimejaa kwenye kopo la rangi. "Imepinda, lazima ikachongwe." Sawa, hedi ya aluminiamu ikichemka sana hupinda, na hupimi mpaka uifungue. Lakini yeye si mgeni wa magari yaliyochemka. Alijua kabisa hedi huenda ikapelekwa kwa watu wa mashine, na kule nako kuna foleni. Ile "jioni" yake aliitoa wapi?

Hedi ilirudi Alhamisi. Ijumaa ikaonekana seti ya gasketi aliyonunua haina sili za valvu, kijana wake akarudishwa kwenye maduka ya spea Shauri Moyo. Jumamosi nilikuwa na harusi Morogoro, nikapanda SGR. Treni ikang'oa dakika ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, nikajikuta nacheka peke yangu.

Jumatatu ya pili: "Bado kufunga tu." Jumanne nikaenda bila kupiga simu. IST imefunikwa turubai, fundi yuko chini ya Noah ya mtu. Nikamuuliza kijana wake, mwenye Noah kaambiwa lini? Akaangalia pembeni. "Jioni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Jioni ni ya kukufanya uache funguo. Gari likishafunguliwa huna pa kulipeleka, kwa hiyo anaweza kupokea jingine, na jingine, wote tukisubiri zamu. Kijana mwenyewe alikiri kwamba kazi ya mikono kwenye gari langu haikuzidi siku moja na nusu. Angeniambia wiki moja na nusu tangu mwanzo ningekubali, maana bajaji ilinila shilingi 12,000 kila siku ya kazi, jumla 96,000, na hiyo ningeipangia.

Nililichukua Alhamisi. Haki yake nampa: huu ni mwezi wa tatu tangu nilichukue, halichemshi, maji hayapungui, oili safi. Kazi nyota 5, muda nyota 1. Na nitarudi kwake, ila safari hii spea nanunua kwanza, ndipo nati ya kwanza ifunguliwe. Na nitauliza mbele yangu kuna magari mangapi, kisha niyahesabu mwenyewe.

Mwenye ile Noah ya rangi ya fedha, kama unasoma haya, lako lilitoka lini?