Waliihukumu pampu ya dizeli ya HiAce bila kupima: uzoefu wangu na gereji moja ya Dar

Fundi ninayemzungumzia hapa alinyanyua kiti cha mbele, akasikiliza stata ikizunguka mara mbili, akasema: "Pampu imekwisha, na injini nayo inataka ringi." Hakushika kipimo chochote. Bei aliyotaja ilizidi milioni moja na nusu, bila ringi (zile pete za pistoni). Nilipomuuliza amepima nini, akajibu mbele ya wenzake: "Bosi, umekuja kutengeneza gari au kunifundisha kazi?"

Gari ni HiAce ya dizeli yenye injini ya 3L, zile za zamani zisizo na kompyuta. Dalili zake zilikuwa wazi kabisa. Asubuhi unapiga stata muda mrefu, inawaka, inazima baada ya sekunde chache, unapiga tena mpaka betri inalalamika. Ikishawaka, siku nzima haina neno: inapanda mlima, ukiizima ikiwa ya moto inawaka papo hapo.

Hilo la mwisho pekee lilitosha kuitoa pampu mashakani. Pampu ya aina hii ikichoka husumbua injini ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na hupenya kwenye sehemu zilizolika ndani yake, hivyo kasi ndogo ya stata haitoshi kujenga presha. Njia ya kuthibitisha ni rahisi: gari likikataa kuwaka likiwa la moto, zima swichi, funika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji mpaka ipoe, jaribu tena. Ikiwaka, hapo zungumza habari ya pampu. Langu lilikuwa na tabia ya kinyume, na fundi alielezwa hivyo kabla hajanyanyua kiti.

Gari linalosumbua asubuhi tu baada ya kulala mara nyingi limepoteza dizeli usiku. Dizeli imerudi tangini, upepo umeingia. Watu wengi hukosea hapa kwa sababu wanachungulia chini ya gari kutafuta tone. Hutaliona. Kutoka tangini hadi kwenye pampu dizeli inanyonywa, haisukumwi, kwa hiyo mpira uliopasuka hauna lazima ya kuvuja nje. Unavuta upepo ndani. Na kwenye HiAce mipira hiyo inakaa chini ya viti pamoja na joto lote la injini. Inakauka, inakakamaa, inalegea pale kwenye klipu huku kwa nje ikionekana mizima.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Asubuhi kabla ya kugusa swichi, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ikiwa laini na ikahitaji kubonyezwa mara nyingi ndipo iwe ngumu, halafu gari likawaka mara moja, tatizo ni upepo. Ikiwa ngumu tangu mwanzo, nenda kwenye hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha.

Kisha funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, na kingine kabla ya filta. Washa, angalia mapovu. Yakionekana tangu kabla ya filta, kosa liko upande wa tangi. Yakianza baada ya filta, shuku filta yenyewe: mpira wa ndani wa ile pampu ya mkono, au oringi (pete ya mpira) ya kihisi cha maji kule chini. Usisahau mipira midogo ya kurudisha dizeli. Nayo ikipasuka inaruhusu pampu kujimwaga usiku. Ukitaka kumaliza ubishi, weka dumu la lita tano lenye dizeli safi juu zaidi ya pampu, lete mpira wake moja kwa moja kwenye pampu, liache gari lilale hivyo. Likiwaka vizuri asubuhi, pampu haina kesi.

Kwangu ilikuwa mipira miwili na pampu ya mkono. Bei ya mipira na klipu zake haifiki lita kumi za dizeli. Nunua mpira wa dizeli, si wa maji. Wa maji huvimba na kulainika, na unarudi pale pale.

Niwe mkweli kwa upande wao pia. Gereji hiyo ina kijana wa umeme anayeijua kazi. Alipopima hita plagi alifungua kwanza kile kibati kinachoziunganisha zote nne. Wengi hawakifungui, wanagusisha taa ya kupimia, taa inawaka kwa sababu ya plagi jirani, nzima na mbovu zote zinaonekana nzima. Yeye aliunga taa kwenye chanya ya betri, akagusa moja moja, akapata moja iliyokufa, akasoma volti zilizoandikwa kwenye plagi kabla ya kuagiza nyingine. Ile ya zamani akanipa mkononi bila kuombwa. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kuandika kwamba gereji ni nzuri, ila ina mkubwa mwenye mdomo.

Lakini gari lilirudi kutoka gereji hiyo likitoa moshi mweusi, jambo ambalo halikuwa nalo kabla. Nyuma ya pampu kuna skru ya kiwango cha dizeli, nayo hufungwa na kiwanda kwa lakiri. Lakiri ilikuwa imevunjwa na kidonda cha spana ni kipya. Mtu ameizungusha ili gari "lipate nguvu," mteja aridhike, au ili kesho pampu ionekane mbovu kweli. Sijui lipi, na yote mawili yananikera sawa. Dizeli ikizidi hewa inayoingia, joto la silinda linapanda, na kwenye injini hizi kinachopasuka kwanza ni silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Hilo silisamehi. Ringi walizosema zimekufa hawakuzipima. Kupima kunahitaji kutoa hita plagi zote, kuchomoa waya wa solenoidi ya dizeli (vali ya umeme inayofungua na kufunga dizeli kwenye pampu), kufunga geji ya presha na kupiga stata kwa betri iliyojaa. Injini kama hii ikiwa nzima hufika psi 400 na zaidi, na silinda zisipishane sana. Hiyo geji sikuiona pale.

Skru imerudishwa robo mzunguko kwa robo mzunguko, gari likiwa na mzigo mlimani, mpaka moshi ukakatika. Nyota mbili nilizokuwa nimewapa nimepunguza, imebaki moja, nayo ni ya yule kijana. Ukienda pale mtafute yeye kwa kazi ya umeme tu, weka alama ya rangi kwenye lakiri ya pampu na kwenye nati za nozeli zinazopulizia dizeli, upige picha, na gari lisilale pale.