Kuumikwa kwa Maumivu ya Shingo: Nilichokipata kwa Pesa Yangu Mjini Unguja

Nianze na jibu kwa wenye haraka: nimeumikwa, yaani nimevutwa ngozi kwa vikombe na kuchanjwa kidogo, shingo imelegea, usingizi umerudi, na pesa niliyotoa siilalamikii. Lakini anayekwenda akitarajia kuponywa maradhi atatoka na alama za duara mgongoni, na maradhi yake yako palepale.

Mie ni mshonaji. Kutwa nimeinamia cherehani, na sikukuu ikikaribia ni mpaka usiku wa manane, madera na kanzu za watoto. Maumivu yangu yapo pale shingo inapokutana na mabega, yakizidi hupanda mpaka kisogoni. Hospitali nilishakwenda, nikapigwa picha, daktari akasema mifupa mizima, ni misuli iliyokaza kwa ajili ya mkao. Akaniandikia diklofenaki. Ilituliza, ila dawa za aina hiyo zikitumika muda mrefu huchubua tumbo, na mwenyewe alinionya nisizifanye mazoea. Ndipo nikatafuta kitu cha kusaidizana na hospitali.

Nyumba ya hijama, ndiyo huko kuumikwa, niliyokwenda ipo Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Jina silitaji, kwa kuwa lawama nayo inakuja. Wanawake wana chumba chao, mlango wao na mhudumu wa kike, jambo ambalo kwetu halina mjadala. Cheti cha usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kimetundikwa ukutani, panaposomeka. Huku Zanzibar kazi hii ina sheria yake tangu 2008, kwa hiyo ukiingia mahali usione cheti, uliza, na usione haya.

Mama aliyenihudumia ni mtu mzima, mpole, lakini ana maswali. Kabla hata sijavua mtandio alinipima presha. "Una sukari, mwanangu? Mimba? Umewahi kuambiwa una upungufu wa damu? Hutumii dawa za kuyeyusha damu? Umekula?" Alinambia kuna watu huwarudisha nyumbani siku hiyohiyo, wengine hukasirika. Kwangu hilo ndilo lililonifanya nimwamini, kuliko cheti.

Wazee wetu walikuwa wakiumika kwa pembe ya ng'ombe: mpiga chuku anafyonza hewa kwa mdomo kupitia tundu la nchani, kisha anaziba kwa nta. Siku hizi ni vikombe vya plastiki vyenye valvu na kibomba cha mkono. Alianza na vikombe vikavu, vya kuvuta tu bila kuchanja, mabegani, akaviacha kidogo, halafu akaja pahala wanapopaita kahili, chini ya mfupa uliojitokeza shingoni. Hapo ndipo alipochanja. Wembe aliutoa kwenye pakiti mbele ya macho yangu, glovu mpya, vikombe vipya, na vyote vikaishia kwenye ndoo ya taka. Msiliache jambo hili lipite. Wembe wa kuchangia unaweza kukupa homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na ngozi isiyosafishwa inaota usaha. Uchungu wenyewe si wa kusimulia, ni kama kukwaruzwa na mwiba wa mchungwa. Kinachoshangaza zaidi ni ule mvuto wa kikombe, unahisi ngozi yote ya mgongo imeitwa upande mmoja.

Damu ilipotoka imeganda, nyeusi, msaidizi wake binti mdogo akanionesha kwa furaha: "Tazama uchafu huo, ukhti!" Mama akamtupia jicho. Nilipenda lile jicho. Damu yoyote ikikaa nje ya mshipa huganda na rangi yake huiva, hata ya kidole ulichojikata jikoni. Kuitoa sumu mwilini ni kazi ya ini na figo. Anayekwenda kwa sababu ya sunna ana nia yake na hahitaji hoja ya uchafu.

Nafuu niliipata usiku uleule. Nilijigeuza kitandani bila kushika shingo. Baada ya wiki na kitu ikaanza kurejea kidogokidogo, nayo cherehani ipo palepale. Tafiti za kuumika kwa maumivu ya shingo na kiuno zinaonesha hivyohivyo, nafuu ya muda mfupi. Nyingi ni ndogo, tena zina tatizo lisilokwepeka: mtu hawezi kuumikwa bila ya kujua kwamba kaumikwa, sasa ni vigumu kupambanua kazi ya kikombe na kazi ya matumaini. Mie yote mawili nayapokea.

Huduma niliyoipenda zaidi ni kukandwa, nayo haitangazwi sana. Mama yule anachanganya matone machache ya mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yale yanayokamuliwa kiwandani Wawi, Pemba, ndani ya mafuta mengi ya nazi. Humo mna eujenoli, kitu kilekile wanachokitumia madaktari wa meno kutuliza jino, ndiyo maana ngozi inapata joto kisha inatulia. Msiyapake matupu, yanaunguza, na wekeni mbali na watoto. Alikuwa akikanda huku ananifundisha kuvuta kidevu ndani na kurudisha mabega nyuma, na akaniamuru nipandishe kiti changu cha kushonea. Ukiniambia nichague kimoja, nachagua mkando na kiti.

Bei: wanatoza kwa kikombe, 5,000, kwa hiyo uliza idadi kabla hujalala, vikombe vina tabia ya kuongezeka. Mkando ni 15,000. Tarehe 17, 19 na 21 za mwezi wa Kiislamu, siku za sunna ya hijama, kunajaa mpaka barazani; kama huzifuati, nenda siku nyengine.

Sasa lawama. Nje pana bango: presha, kisukari, utasa, pumu, kiharusi, "yote yanatibika." Ndani mama anapima presha na kurudisha watu, nje bango linawaita watu walewale. Nilimwambia mwenye nyumba kwamba akitokea mmoja mwenye sukari akalisoma akaacha insulini, atakuwa kamuua. Akacheka: "Bango ndilo linaloleta wateja, bibie." Kwa hilo nawapunguzia nyota mbili nzima, zilizobaki tatu ni za mama.

Mume wangu naye anataka aende, kiuno. Anatumia aspirini kila siku kwa ajili ya moyo, nayo huifanya damu ichelewe kuganda. Nimemwambia vikombe asubiri mpaka amuulize daktari wake kliniki ijayo. Kwa sasa namkanda mwenyewe.